Kopo Lililokuja na Kisu

Xiaobei, Guangzhou
3 Machi 2024

Teki mdogo wangu,

Kisu kimefika salama, nami ni mzima. Nakuandikia vidole bado vinanuka kitunguu, maana nisipoandika leo sitaandika tena, unanijua.

Lokendra, huyo mchuuzi wenu, alinipigia akiwa chini ya jengo. Nikashuka na aproni yangu hivyo hivyo, akanitia furushi mikononi, akasema teksi inamsubiri na anawahi soko la Zhanxi kabla wauza majaketi hawajafunga maduka. Hata chai hakunywa. Nikapanda nalo mpaka mgahawani, nikalifungulia juu ya meza katikati ya wateja. Kitambaa chekundu, ndani yake kisu kwenye ala yake, na vile visu viwili vidogo pembeni kama watoto wamelala na mama yao. Yasir, yule Mtanzania mwenye stoo ya mizigo ghorofa ya chini, akakinyanyua, akakipima mkononi, kisha akasema, "Aliyekifua huyu ana adabu."

Mwambie baba yako hivyo hivyo, usibadilishe neno.

Unakumbuka tulipokuwa wote jikoni kwenye ile hoteli ya Upanga, ulivyokuwa ukipasua mbuzi mzima kwa kisu chako kama mtu anayekata mkate? Nilikionea wivu kisu kile miaka yote. Hapa nilikuwa nahangaika na yale mapanga mapana ya Kichina, mpini unachomoka, kifundo cha mkono kinavimba, nalala nimekifunga kitambaa cha maji ya moto. Leo nimekata mguu wa mbuzi kwa kisu cha baba, mfupa ukakatika mara moja, wala sikusikia maumivu. Nikakata na mwingine ambao haukuhitajika. Wateja wamekula mchuzi wenye nyama nyingi kuliko walivyolipia.

Jina langu nimeliona kwenye bapa. Ile S ya mwanzo imetazama nyuma. Usithubutu kumwambia airekebishe, naipenda ilivyo. Ila niulizie, kile kipengo karibu na mpini ni cha nini? Yasir anasema ni cha kufungulia soda.

Nawashukuru pia kwa lile kopo la mafuta ya kisu. Nimekumbuka ulivyokuwa ukifuta chako kwa kitambaa chenye mafuta kila tukifunga jiko. Nami nitakitunza vivyo hivyo.

Dada yako,
Sihaba


Bhojpur, Nepal
29 Machi 2024

Dada Sihaba,

Salamu kutoka milimani. Kiswahili changu kimeota kutu, nivumilie. Barua yako nimemsomea baba kwenye kiwanda chake cha uhunzi. Simu ingekuwa rahisi, lakini WhatsApp huko kwenu haishiki na mtandao wenu wa Kichina mimi umenishinda, tena baba anapenda karatasi. Anasema maneno ya simu yakishasemwa yamekwenda, ya karatasi atayasikiliza tena kesho.

Neno la Yasir nimelisema kama lilivyo. Baba aliacha kuvuta mivuo, akauliza, "Kasema adabu?" Nikamwambia ndiyo. Akaendelea na kazi, lakini jioni alilirudia kwa mama mwenyewe.

Kisu chako kimetoka kwenye springi ya lori. Baba huipasha moto mpaka iwe nyekundu, huifua, kisha humwaga maji kwa birika kwenye makali tu, polepole, ili makali yawe magumu na mgongo ubaki na ulaini wa kuvumilia pigo. Hapo hataki mtu aseme naye. Kipengo ni cha kuzuia maji ya nyama yasitiririke mpaka kwenye mpini, mkono usije ukateleza. Watu wana hadithi nyingine nyingi, baba hazipendi. Soda hajaisikia, nitamwambia siku akiwa na furaha.

Mama anakusalimu. Anauliza kama kilichokuwa kwenye kopo kilikufaa. Hakikisha unanijibu hili, dada, maana anauliza kila Lokendra akirudi.

Ndugu yako,
Tek Bahadur (Teki)


Xiaobei, Guangzhou
21 Aprili 2024

Teki,

Hii ni ya haraka, Lokendra anaruka kesho.

Mwambie mama kilinifaa sana! Kila nikimaliza kazi nakipaka kisu, kinang'aa mpaka najiona pua. Yasir naye nilimpa vijiko viwili, akapaka ule mlango wake wa chuma wa kukunja, ambao kila asubuhi ulikuwa ukiliamsha jengo zima. Sasa unapanda kimya kimya. Hata laobani, yule bosi wa Kichina wa duka la pili, amekuja kuuliza ni mafuta ya wapi.

Lakini nimepata mtihani. Yupo mteja wangu anaitwa Najat, wa Unguja, huja kila mwezi kuchukua mabaibui. Mtu mzuri, ila ulimi wake hauna breki, na neno lake likitoka hapa magharibi, isha limeshafika kila hoteli ya Xiaobei. Juzi alinikuta napaka kisu. Akaniuliza mbele za watu, "Dada Sihaba, mafuta gani hayo? Ya mnyama gani?" Sikuwahi kujiuliza, Teki! Nimepaka mafuta nisiyoyajua kwenye kisu ninachokatia nyama ya Waislamu, tena Ramadhani nzima. Akaniambia, "Usije ukawa umetulisha nguruwe."

Hajaeneza neno, namshukuru kwa hilo. Ila tangu siku hiyo anakuja, anaagiza chai na mkate mtupu, na wenzake wakimwona nao wanaagiza mkate. Mimi kula yangu na kodi ya hapa ni huu mchuzi wa mbuzi. Watu wakiutilia shaka, nafunga.

Kisu nimekikosha mara saba kwa maji nikakitia kabatini. Nimerudia panga la Kichina na mkono umeanza tena. Usingizi sipati. Nijibu neno moja tu: mafuta ya nini yale?

Sihaba


Bhojpur
12 Mei 2024

Dada Sihaba,

Kwanza tulia. Si nguruwe. Si mnyama yeyote. Ni mbegu za mti tu, mti unaitwa chiuri, unaota huku kwenye miteremko. Mama huokota matunda, huanika mbegu, huzitwanga na kuzikamua, mafuta yakipoa yanaganda meupe kama ulivyoyaona. Toa kisu kabatini. Mwonyeshe Najat barua hii.

Sasa la pili, na hili ni zito kwangu kuandika.

Yale si mafuta ya kisu. Kisu changu kule Upanga nilikuwa nakipaka mafuta ya haradali, ya chupa. Yale ya kopo tunakula. Tunatia juu ya wali wa moto, tunakaangia mboga. Ni chakula, dada. Mama alikutumia chakula.

Hukuwahi kuniuliza mimi ni nani kwetu, nami sikusema. Sisi ni ukoo wa wahunzi, na huku wahunzi wamewekwa chini tangu zamani. Mteja hupanda mlima mzima juani, hukaa uani kwetu, hukisifu kisu mpaka baba anaona haya. Kisha mama akileta maji, mteja husema hana kiu. Jasho linamtoka, na hana kiu. Akija wa pili, naye hana kiu. Sheria ilishapiga marufuku mambo haya, na vijana wengi hawayajali tena, lakini wakubwa wa kijiji chetu hawana kiu mpaka leo. Visu vyetu wanavitaka. Kilichoshikwa na mikono yetu kikiwa cha kutia mdomoni, hawakitaki.

Siku yangu ya kwanza Upanga mlikaa chini, sinia moja, na mimi nikasimama mlangoni. Uliniambia, "Teki, sogea, wali utapoa." Nilipomwandikia baba, alijibu kwamba hawa hawajui wewe ni mtoto wa nani, wakijua watanyanyuka. Miaka yote nikiwa huko hakuamini. Mama ndiye aliyeamini. Kisu kilipokuwa tayari akajaza kopo la maziwa, akalifunga pamoja nacho. Baba alimkataza, akamwambia utajiaibisha. Hakusikia. Tangu hapo Lokendra akirudi tu, mama anatoka mpaka njiani, na baba anajifanya anatafuta nyundo ili asikie.

Nilipomsomea barua yako ya kwanza niliruka yale maneno ya mafuta ya kisu. Ya pili sikuweza kuruka, kwa sababu Lokendra alikwishasimulia kibandani kwenye chai habari za mlango wa Yasir, na watu walicheka. Baba akaniambia, soma yote. Nikasoma yote. Hakukasirika. Alisema, "Afadhali mlango. Angalau hakuyamwaga." Akaendelea kufua. Mama aliingia ndani.

Baba anasema mtu muungwana akitaka kukataa chakula cha mhunzi bila kumwumiza hutafuta neno la upole, na la dini ni la upole kuliko yote. Mimi nadhani hukujua tu. Lakini nimekuwa nikidhani vizuri juu ya watu nikakosea, kwa hiyo nakuuliza. Kama ulijua ukaona tabu kusema, sikulaumu, wala undugu wetu haufi. Nijulishe tu, ili nijue la kumwambia mama.

Teki


Xiaobei, Guangzhou
30 Mei 2024

Weye Teki,

Nilianza kwa kucheka, nikalia, halafu nikakutukana peke yangu jikoni mpaka mchuzi ukaungua. Khaa! Nani aliyewafundisha kufunga chakula furushi moja na kisu? Kopo halina karatasi, halina jina, jeupe ndani kama grisi. Ningejuaje? Lokendra angekunywa chai ile siku ile, angenieleza, na yote haya yasingetokea. Mwambie namdai maelezo.

Sikujua, Teki. Wallahi sikujua. Sasa mwambie mama kabla hujaendelea kusoma. Nenda. Nakusubiri.

Haya, sikiliza. Barua yako niliipata mchana, Najat yuko palepale na mkate wake mtupu. Nikamsomea mstari wa kwanza kwa sauti ili meza zote zisikie: si nguruwe, si mnyama, ni mbegu za mti. Akapiga meza kofi, "Alhamdulillahi! Basi niletee mchuzi, nimekonda!" Nilishusha pumzi niliyokuwa nimeibeba mwezi mzima. Nikakaa kwenye gunia la mchele hapohapo. Nikaenda kabatini nikakitoa kisu, nikakibusu mbele za watu, na sioni haya.

Kisha nikaendelea kuwasomea. Sikuweza kusimama katikati. Nilipofika kwa yule mteja asiye na kiu, Najat akaninyamazisha. "Soma tena hapo. Juani? Hana kiu?" Nikasoma tena. Akavua miwani, akafuta macho kwa ncha ya mtandio, akasema, "Kopo liko wapi?"

Lilikuwepo. Ushukuru ubahili wangu, lilibaki zaidi ya nusu. Nikapika wali mweupe, nikaupakua kwenye sinia, wa moto, nikatia mafuta ya mama juu yake kijiko baada ya kijiko, na chumvi, basi. Tukakaa chini kama Upanga. Nilikula mimi, akala Najat, wakala wateja wote waliokuwepo, na Wakongo wawili waliokuja kuulizia njia tu wakasogea wakala. Yana utamu wa mbali, unaujua ukishameza. Yasir alikuja wa mwisho. Alipoelezwa akashika kichwa, "Yaani mimi nimekula makombo, mlango wangu umekula vijiko viwili?"

Na hili baba alisikie kutoka kwangu. Baba, shikamoo. Mimi sina adabu ya kukataa chakula kwa maneno matamu. Mimi nikikataa chakula, watu waite daktari. Na unasema sikujua Teki ni mtoto wa nani. Ni kweli jina lenu kijijini sikulijua. Nilijua kwamba ndiye aliyekuwa akiukwangua ukoko wa wali chini ya sufuria na kunifichia, kwa sababu alijua naupenda, siku zile mwenye hoteli alipokuwa akitunyima. Huyo nilimjua vizuri sana. Leo nimejua na mtoto wa nani, na nimefurahi. Asante kwa mkono wangu usiouma. Asante kwa mtoto.

Mama, mafuta yaliyobaki nimeyafanyia vileja: unga wa mchele, sukari, hiliki, viini vya mayai, na mahali pa samli nimetia chiuri yako. Mama yangu mzazi angenichapa nikirudisha kopo la watu tupu. Basi limejaa. Mikono iliyokanda ni yangu. Mle.

Mwanenu,
Sihaba


Bhojpur
2 Julai 2024

Dada Sihaba,

Uliniambia niende nimwambie mama kabla sijaendelea, nikaenda. Alikuwa anapepeta mchele. Nikamwambia hakujua, mama, alidhani ni ya kisu. Akaketi chini na ungo wake mapajani, akacheka mpaka machozi, akasema, "Jinga la mtoto!" Sikujua kama anakusema wewe au mimi.

Baba alisikiliza barua yote amesimama. Nilipofika kwenye ukoko aliniangalia kama ananiona siku hiyo. Sikuweza kusoma vizuri kuanzia hapo, ikabidi nirudie.

Kopo alilifungua mwenyewe. Harufu ya hiliki ikajaa kiwanda, ikashinda moshi. Akaenda kunawa mikono, akakaa, akachukua kileja kimoja, akakigeuza akakitazama chini na juu kama anavyotazama kisu cha mtu mwingine. "Kapika mwenyewe? Kwa mafuta yetu?" Nikasema ndiyo, imeandikwa. Akala. Akachukua cha pili kabla sijamaliza kujibu. Mama akamwambia, wewe si uliyesema nitajiaibisha? Akasema, mdomo umejaa, hasikii vizuri.

Nikupe na hili. Wiki iliyopita alikuja mteja, mzee wa upande wa juu, kutiliwa mpini mpya. Jua kali. Mama akatoa maji kama kawaida, mzee akasema kama kawaida hana kiu. Mimi nilimtazama baba, maana kila siku hapo ndipo anapoinamisha kichwa. Safari hii alimwambia, "Haya, ndugu yangu," kwa sauti nzuri tu, akaipokea ile bilauri, akayanywa maji yeye mwenyewe yote, akashushia na kileja. Halafu akatia mpini. Mzee alikuwa anaangalia kopo muda wote. Baba alimkaribisha kimoja. Hakuchukua, lakini aliuliza ni kitu gani, na baba akamweleza habari zako kuanzia mwanzo mpaka mwisho, hakuwa na haraka.

Nimelala vizuri tangu siku hiyo, dada. Nadhani sote tumelala.

Mama amejaza kopo jingine. Baba amelitazama, akasema hili halitakwenda hivihivi kama la kwanza. Akachukua patasi, akaniambia nimwandikie chini, kwenye mavumbi, kwa lugha yenu, lile neno mnaloambiana sinia likitua. Nikamwandikia. Amelichonga kwenye kifuniko kwa kazi ya asubuhi nzima, na hakutaka mtu aseme naye.

Teki


Xiaobei, Guangzhou
20 Julai 2024

Kwa Baba na Mama, Teki awasomee polepole.

Kopo limefika. Limeandikwa KULENI, na ile N imetazama nyuma. Sikuhitaji kuuliza kachonga nani.

Tumekula, baba. Tumekula na wali, na jioni tukala tena na muhogo. Najat amebeba kidogo anampelekea mamake Unguja, na ameniapia hakitaguswa na mlango wowote. Mlango wa Yasir umeanza tena kupiga kelele na hakuna anayeuhurumia. Mbuzi wanakatika, wateja wamerudi wote na wengine wapya, na mkono wangu hauumi.

Mwezi wa kumi, kwenye sikukuu yenu, nafunga mgahawa na kuja na Lokendra. Mama, usihangaike kupika mambo makubwa. Weka maji tu. Huo mlima nitaupanda kwa miguu, mchana, juani, na nitafika na kiu.

Mwanenu,
Sihaba